Zebaki ndani ya krimu ya ngozi: inaingiaje, inaharibu nini, na kwa nini hata mtoto asiyejipaka huipata

Ukienda Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi au Matundasi, huna haja ya kumweleza mtu zebaki ni nini. Mchimbaji anaichanganya na mchanga uliosagwa, inashikana na chembe za dhahabu na kuacha mengine yote, kisha mchanganyiko ule unachomwa. Zebaki inaruka kwa mvuke, dhahabu inabaki. Wachimbaji wameonywa mara nyingi kwamba mvuke ule ni sumu, ingawa wapo ambao bado wanachomea hatua chache tu kutoka kwenye jiko la kupikia.

Ukivuka milima kurudi Mbeya mjini, metali hiyohiyo unaweza kuikuta kwa sura nyingine kabisa. Binti mmoja pale Mwanjelwa alinionyesha kopo la krimu analotumia. Lilikuwa dogo la kuenea kiganjani, lenye mfuniko wa rangi ya dhahabu na picha ya mwanamke mweupe kama karatasi. Maandishi mengi yalikuwa ya lugha ambayo si yeye wala mimi tuliyeweza kuisoma. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza: krimu isigusane na dhahabu, fedha, alumini wala raba. Orodha ya viambato haikuwepo. Jina la kiwanda halikuwepo, wala anwani, wala tarehe ya kuisha muda. Binti alidhani onyo lile limewekwa ili cheni yake isipauke.

Onyo la namna hiyo ni moja ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani linasema zinaweza kuonyesha kwamba kuna zebaki ndani. Sababu yake inajulikana Chunya nzima: zebaki na dhahabu hushikana. Aliyeandika onyo lile alijua alichoweka ndani ya kopo.

Nimeanza na zebaki makusudi, kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu "madini mazito kwenye vipodozi" yanachanganya mambo ambayo hayafanani, na mchanganyiko huo unawaumiza watu. Anayesikia kwamba kila rangi ya mdomo ina risasi anaamua kwamba basi kila kitu ni sumu, na kwa kuwa hawezi kuacha kila kitu, haachi chochote.

Kuna madini yanayoingia kwenye kipodozi kama uchafu. Risasi, aseniki, kadimiamu, nikeli na kromiamu vimo ardhini, na rangi nyingi za vipodozi, poda na udongo wa kupaka usoni vinatoka ardhini. Kiwanda kinachonunua malighafi safi na kuipima hubaki na kiasi kidogo sana. Kiwanda kisichopima hubaki na kikubwa. Nikeli na kromiamu kwa kawaida huishia kwenye ngozi yenyewe, yaani mwasho, vipele na ukurutu kwa mwenye mzio. Aseniki na kadimiamu zinahitaji kuangaliwa viwandani na maabara za serikali, na mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuzishughulikia zaidi ya kununua kitu kinachojulikana kimetoka wapi.

Risasi ina habari yake, na habari hiyo inahusu wanja zaidi ya krimu. Wanja wa asili katika nchi nyingi umetengenezwa kwa jiwe jeusi linalong'aa ambalo kwa sehemu kubwa ni risasi na salfa. Hapa kwetu mtoto mchanga hupakwa wanja kwenye nyusi na hata kwenye kope, ili apendeze au akingwe na jicho baya. Mtoto hujisugua macho, kisha mkono unaenda mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo ambaye ubongo wake bado unajengeka. Kama kuna jambo moja la kuacha leo bila kusubiri kipimo chochote, ni kumpaka mtoto wanja usiojulikana umetengenezwa kwa kitu gani.

Zebaki haimo kwenye kundi hilo la uchafu. Ikikutwa kwa wingi kwenye krimu ya kung'arisha, haikuingia kwa bahati mbaya. Imewekwa, kwa sababu inafanya kazi iliyokusudiwa.

Rangi ya ngozi inatokana na melanini, na melanini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila shaba. Chumvi za zebaki zikipenya kwenye ngozi, zebaki inakalia nafasi ya shaba na kimeng'enya kinazimika. Ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe kila baada ya mwezi hivi. Ile ya zamani yenye rangi inapukutika, na mpya inakuja ikiwa imepungukiwa. Ndiyo maana mtumiaji huona mabadiliko ndani ya wiki chache na kusema krimu ni nzuri. Hajidanganyi, ameona kwa macho yake, na hapo ndipo ugumu wa kumshawishi aache unapoanzia. Akiacha, melanini inarudi, mara nyingi kwa mabaka, naye anarudi kwenye kopo. Wakiendelea miaka mingi, baadhi hupata weusi wa kijivujivu kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo, kwa sababu zebaki yenyewe imetuama pale. Kopo lililonunuliwa kwa ajili ya weupe linamwachia mtu rangi ambayo hakuzaliwa nayo.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba krimu za aina hii zimekuwa zikitengenezwa kwa kiambato cha zebaki cha asilimia 1 hadi 10, na sabuni kwa asilimia 1 hadi 3. Kikomo kilichotumika kimataifa kwa miaka mingi ni miligramu 1 ya zebaki katika kilo nzima ya kipodozi. Krimu yenye zebaki asilimia 1 tu ina miligramu 10,000 kwa kilo. Kopo la gramu 50 la krimu kama hiyo limebeba nusu gramu ya zebaki, na mtumiaji anaipaka asubuhi na jioni, usoni, shingoni, mikononi, wengine mwili mzima, mpaka kopo liishe. Kisha analifungua jingine.

Hapa niseme pia habari ya mkorogo, maana maswali mengi yanayoulizwa kuhusu zebaki ni maswali ya mkorogo. Anayechanganya kwenye bakuli anachukua krimu tatu au nne, pengine na mafuta ya kawaida ili ijae. Ndani yake huwa kuna haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi ambayo si metali, na steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho ambayo nayo si metali. Haidrokwinoni ndiyo inayojulikana kwa kuacha weusi sugu kwenye mashavu na vifundo vya vidole. Steroidi ndiyo inayofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, mishipa ionekane, michirizi itokee mapajani, na mshono wa upasuaji uchelewe kupona. Zebaki inaweza isionyeshe kitu chochote kwenye ngozi. Mtu ana sura laini, hana kovu wala kipele, na anaambiwa na wenzake kwamba krimu yake ndiyo salama kuliko zote. Madhara yake yanatokea mahali pasipoonekana kwenye kioo.

Mahali hapo ni figo kwanza. Zebaki ya chumvi ikishaingia kwenye damu hukusanyika zaidi kwenye figo kuliko kiungo kingine chochote. Figo ina vichujio vidogo mno ambavyo kazi yake ni kupitisha uchafu na kuzuia protini isitoke. Kwa baadhi ya watumiaji, zebaki inaamsha kinga ya mwili kushambulia vichujio hivyo, navyo vinaanza kuvuja. Protini inatoka na mkojo, na mkojo unakuwa na povu lisilokatika haraka. Maji yanabaki mwilini. Asubuhi uso umevimba, hasa chini ya macho, jioni miguu imejaa, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo.

Kwetu, uso ukijaa watu husifia. "Umenawiri, dada, maisha yamekukubali." Nimesikia wanawake wakisimulia kwamba walipongezwa hivyo kwa miezi kabla mtu yeyote hajafikiria hospitali. Ninaomba yeyote anayesoma hapa akumbuke jambo hilo anapomwona shangazi au dada yake aliyekuwa mwembamba ameanza kujaa usoni ghafla huku anatumia krimu ya kung'arisha.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka mbali. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa na tatizo hilo la figo kuvujisha protini. Thelathini na wawili kati yao, sawa na asilimia 53, walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na katika miaka ya karibuni madaktari wa Kerala, India, wameeleza wagonjwa wa figo waliokuwa wakitumia krimu za namna hiyohiyo. Ukanda wetu ulilijua jambo hili mapema kuliko sehemu nyingi za dunia, na inaniuma kwamba halijafika kwenye saluni.

Baada ya figo ni mishipa ya fahamu. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa na hasira za haraka, anasahau, vidole vinakufa ganzi. Dalili hizi zinafanana na za mambo mengi, hivyo huitwa mawazo, presha au uchovu wa biashara, na wapo wanaozungushwa kwa waganga mwaka mzima. Kuna pia zebaki ya aina nyingine, ile iliyoungana na kaboni, ambayo huuvamia ubongo kwa ukali zaidi. Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Sacramento, California, alilazwa akiwa hawezi kuzungumza wala kujihudumia baada ya kutumia krimu iliyotiwa zebaki ya aina hiyo. Ilipopimwa, krimu ilikuwa na sehemu 12,000 kwa milioni. Visa kama hicho ni vichache, lakini mnunuzi hana njia yoyote ya kujua kopo lake limetiwa aina ipi.

Sasa lile la watoto. Wengi hudhani krimu ni suala la anayejipaka: ngozi yake, uamuzi wake. Kwa haidrokwinoni hilo linaweza kusemwa kwa kiasi fulani. Kwa zebaki haliwezekani, kwa sababu zebaki haitulii pale ilipopakwa. Inabaki kwenye taulo, foronya, shuka na kanga aliyojifunga mama. Sehemu yake hubadilika kuwa mvuke na kuvutwa na kila aliyelala chumba hicho. Mtoto anayelalia kifua cha mama anaigusa kwa shavu na kuilamba kwa ulimi. Akiwa tumboni, zebaki inavuka kondo la nyuma. Akinyonya, kiasi kingine kinapita kwenye maziwa. Familia zilipochunguzwa huko California, zebaki ilikutwa kwenye mkojo wa watu wa nyumba hiyo ambao hawakuwahi kujipaka krimu.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, baridi inaongeza uzito wa jambo hili. Kati ya Juni na Agosti, Makete, Njombe, Mufindi na juu kule Uporoto, dirisha halifunguliwi usiku, familia inalala chumba kimoja, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani wapate joto. Jiko lenyewe lina gesi inayoua, hilo tunalijua. Pamoja na hayo, joto huharakisha zebaki kugeuka mvuke, na mvuke huo hauna pa kutokea. Msimu huohuo ndio ngozi inapauka na kupasuka, na watu wanajipaka zaidi.

Na baridi inadanganya kuhusu jua. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anayeuza viazi Uyole saa sita mchana akiwa na sweta anapata mionzi mikali kuliko ndugu yake wa Dar es Salaam anayetokwa jasho chini ya anga hilohilo jeupe. Kinga yake ni melanini, ambayo krimu imeizima.

Sheria zipo. Udhibiti wa vipodozi Tanzania ulikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2019 ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, huku TFDA ikibadilishwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Ndiyo maana malalamiko ya vipodozi siku hizi yanapelekwa TBS, wakati bado kuna watu wanaitafuta TFDA. Kimataifa upo Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi 2017, na Tanzania ikajiunga 2020. Umepewa jina la mji ambao wakazi wake walisumishwa na zebaki ya kiwandani kupitia samaki, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba ulianza kwa kuzuia vipodozi vyenye zaidi ya ile miligramu 1 kwa kilo. Mwaka 2023, Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kikomo hicho na kumaliza kabisa vipodozi vilivyowekwa zebaki ifikapo 2025.

Lakini kopo la gramu 30 linaenea mfukoni, na Tunduma, mpakani na Zambia, na Kasumulu, mpakani na Malawi, ni mipaka yenye pilikapilika nyingi. Mimi sioni haki kumwelekezea lawama binti anayejipaka, kama inavyofanyika kila mara kampeni ikianza. Alikuta matangazo yanamwambia weupe ndio uzuri tangu hajaanza shule, na kopo alilouziwa halikumwambia ukweli. Mwenye kujibu ni yule aliyetengeneza, aliyeingiza na aliyejaza mabegi.

Mnunuzi anaweza kukataa kopo lisilo na orodha ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Akatae pia lenye onyo la dhahabu na fedha, na lenye maneno mercury, mercuric, mercurous, calomel au herufi Hg. Alama ya TBS aitazame, ingawa alama huweza kughushiwa. Kwa macho, kwa pua au kwa kujaribu kidogo nyuma ya sikio hakuna mtu anayeweza kuitambua zebaki, na krimu iliyopakuliwa kwenye chupa isiyo na maandishi haifai kununuliwa hata kama muuzaji ni rafiki.

Aliyekwisha kutumia asisubiri avimbe. Kipimo cha protini kwenye mkojo ni rahisi na hufanyika hata kliniki ya wajawazito, kwa hiyo aende akapimwe, na presha na damu ya kuangalia figo vifuate. Kupima kiasi cha zebaki yenyewe kunahitaji maabara kubwa, na daktari ndiye anayejua aelekeze wapi. Jambo la lazima ni kumtajia daktari krimu, na kubeba kopo lenyewe, kwa sababu mgonjwa mwenye aibu akinyamaza, daktari anaweza kutibu figo miezi mingi huku sumu inaendelea kupakwa kila jioni. Mwili huitoa nusu ya zebaki hii ndani ya mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuacha, ndiyo sababu kuacha mapema kunabadilisha mengi. Zipo dawa za kuiondoa kwa wagonjwa walioathirika sana, na hizo ni za hospitali. Chai na vidonge vya "kusafisha sumu" vinavyouzwa stendi havifanyi kazi hiyo. Kama alikuwa anatumia mkorogo kwa muda mrefu, amwambie daktari hilo pia siku anayoacha, maana mwili uliozoea steroidi huweza kuyumba ukikatishwa ghafla bila uangalizi.

Kopo lililobaki lisitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa, kwa sababu moto unaigeuza zebaki kuwa mvuke kama kule machimboni, na lisitupwe chooni wala mtoni. Lifungwe vizuri ndani ya chombo kingine chenye mfuniko, liwekwe mbali na watoto, kisha lipelekwe kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS ya kanda iliyopo Mbeya. Taulo na foronya zilizotumika na krimu hiyo zisifuliwe beseni moja na nguo za mtoto, na zile zilizokaa nayo miezi mingi ni afadhali ziondolewe kabisa chumbani anakolala.